Koplo Asiyependa Kazi Ngumu

Katika hafla za kuwaaga askari wanaorudi uraiani, kuna sifa moja ambayo mgeni rasmi hawezi kuisahau: nidhamu. Huwaambia kwamba nidhamu waliyoipata depo itawafungulia kila mlango. Siku hizi, askari akisema anataka kwenda kuandika programu za kompyuta, hotuba inakuwa ileile. Aliyezoea kuamka alfajiri, kutandika kitanda bila mkunjo na kutii amri bila kuuliza, wanasema, hawezi kushindwa na mashine ambayo nayo kazi yake ni kutii amri. Ni hoja tamu masikioni. Nimeisikia mara nyingi na bado siiamini. Historia ya watu waliotoka jeshini wakaingia katika kazi hii inasema jambo jingine, na shahidi wangu wa kwanza ni koplo mmoja ambaye hakuna sajini angemtolea mfano mbele ya makuruta.

John Backus alizaliwa Philadelphia mwaka 1924, akakulia Wilmington, Delaware, katika familia yenye uwezo. Shuleni alikuwa wa kufeli. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Virginia kusoma kemia, na kabla mwaka haujaisha akawa anahudhuria kipindi kimoja tu kwa wiki, cha kusikiliza muziki. Chuo kikamchoka. Vita vilikuwa vimepamba moto, na mwaka 1943 akajikuta ndani ya sare.

Jeshi lilimpa ukoplo na kumweka Fort Stewart, Georgia, kuongoza kikundi cha mizinga ya kudungulia ndege. Huenda angebaki hapo hadi amani itangazwe, kama si mtihani wa kupima uwezo ambao jeshi la Marekani liliwapa askari wake kwa wingi. Alama zake zilimtoa kwenye mizinga zikampeleka Chuo Kikuu cha Pittsburgh kusomea misingi ya uhandisi. Mtihani mwingine ukaonyesha anafaa udaktari, akahamishiwa Chuo cha Haverford. Akiwa katika mafunzo kwenye hospitali ya Atlantic City, madaktari waligundua uvimbe katika fuvu la kichwa chake mwenyewe, wakamfanyia upasuaji na kumwekea kibati. Alijaribu shule ya udaktari kwa miezi tisa, akaona ni kukariri tu, akaacha. Mwaka 1946 alikuwa raia, yuko New York, chumba cha kupanga, na hajui anataka nini duniani.

Au tuseme alijua kitu kimoja: alitaka chombo cha kusikilizia muziki chenye sauti safi. Vyombo hivyo havikuwa madukani kama leo, kwa hiyo aliona dawa ni kujiunga na shule ya mafundi redio ajitengenezee. Huko mwalimu alimwomba amsaidie kukokotoa grafu ya kikuza sauti, nukta moja baada ya nyingine, kazi ya kuchosha isiyo na mwisho. Ndani ya uchovu ule Backus aligundua kwamba hisabati ina matumizi, na kwamba anaipenda. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya kwanza mwaka 1949 na ya uzamili mwaka uliofuata.

Hata hapo hakuwa akitafuta kompyuta. Aliingia katika jengo la IBM, Madison Avenue, kama mtalii. Ghorofa ya chini kampuni ilikuwa imeweka mashine yake kubwa iitwayo SSEC, vali na rilei kwa maelfu, mahali ambapo mpita njia aliweza kuitazama kupitia dirishani. Backus alimwambia mwenyeji aliyewatembeza kwamba anatafuta kazi. Akapandishwa juu kuonana na mmoja wa waliounda mashine hiyo, Robert Seeber, akapewa mafumbo ya hisabati, akayafumbua, akaajiriwa palepale. Hakukuwa na wasifu wa kurasa mbili wala barua kutoka kwa kamanda wake.

Kilichofuata wengi wanakijua kwa jina tu. Kuandika programu wakati ule kulimaanisha kuipa mashine maagizo kwa tarakimu, hatua kwa hatua, na kutafuta kosa katika bahari ya tarakimu hizo. Backus aliichukia kazi hiyo. Mwenyewe alisema bila haya kwamba sehemu kubwa ya aliyoyafanya ilitokana na uvivu: hakupenda kuandika programu, kwa hiyo akaanza kubuni njia ya kupunguza uandishi. Mwishoni mwa mwaka 1953 alimwandikia bosi wake, Cuthbert Hurd, akiomba ruhusa ya kutengeneza lugha ambayo mhandisi angeandika fomula karibu kama anavyoiandika kwenye daftari, kisha mashine yenyewe ifanye kazi ya kuigeuza kuwa maagizo. Alipewa ruhusa, akakusanya watu wachache wa asili mbalimbali, miongoni mwao msichana aliyetoka chuo cha Vassar karibuni na mtaalamu wa miundo ya fuwele. Walidhani miezi sita itatosha. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Lugha hiyo, FORTRAN, ilitoka Aprili 1957 kwa mashine ya IBM 704, ikapunguza maagizo ambayo mtu alilazimika kuandika kwa takriban mara ishirini. Bado inatumika leo kukadiria hali ya hewa na kukokotoa mienendo ya nyota.

Sasa turudi kwa mgeni rasmi na hotuba yake. Je, ni nidhamu iliyompa Backus haya? Ukiangalia vizuri utaona alisaidiwa na mambo matatu, na hakuna hata moja linalovutia kwenye hotuba. Mtihani ulimwona wakati walimu wake hawakumwona. Alipata miaka michache ya kuwa mwanafunzi tena, akiwa mtu mzima, bila kulazimika kukimbizana na mkate. Na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuajiri alikuwa tayari kumpima kwa fumbo badala ya cheti. Kila mara ninaposoma habari za askari aliyevuka salama kwenda kwenye kompyuta, nayaona matatu hayo yamejificha mahali fulani. Pale yanapokosekana, nidhamu peke yake humfikisha askari mlangoni, akasimama wima na kusubiri.

Jambo la pili kati ya hayo, miaka ya kusoma, lilitokana na sheria. Rais Franklin Roosevelt aliitia saini tarehe 22 Juni 1944, wiki mbili tu baada ya majeshi kutua Normandy. Rasimu yake iliandikwa na Harry Colmery, wakili na kiongozi wa zamani wa chama cha maveterani cha American Legion, akiwa katika hoteli ya Mayflower mjini Washington. Wamarekani wanaiita GI Bill. Ilimlipia askari aliyeachishwa karo ya hadi dola 500 kwa mwaka, kiasi kilichotosha hata kwenye vyuo vya fahari, na ikampa posho ya kila mwezi: dola 50 kwa asiye na familia, 75 kwa mwenye wategemezi. Watu wapatao milioni 7.8 waliitumia kusoma, zaidi ya milioni mbili kati yao vyuoni. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya Marekani walikuwa maveterani.

Posho ndiyo iliyokuwa na akili. Wabunge wengi, popote duniani, wangeishia kwenye karo wakajipongeza. Lakini mtu wa miaka 26 mwenye mke na mtoto hazuiwi na karo peke yake. Anazuiwa na kodi ya nyumba ya mwezi wa tatu.

Sheria hiyo ilikuwa na doa kubwa, na kulitaja si kuharibu hadithi. Utekelezaji wake ulikabidhiwa majimbo na ofisi za mitaa, na kule Kusini askari Weusi waliotoka vita vilevile walinyimwa mikopo, wakafungiwa vyuo na kusukumwa kwenye kazi za mikono. Wangapi kati yao walikuwa na kichwa kama cha Backus, hakuna mtihani uliowahi kuhesabu.

Na sisi? Mwaka uleule wa 1944 askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakiwasukuma Wajapani kwenye mvua na matope. Wapo waliofundishwa kuendesha magari na kutengeneza injini, na wapo waliofundishwa kupokea na kutuma habari kwa redio. Waliporudi makwao dola ya Kiingereza haikuwa na sheria kama ile kwa ajili yao. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, alirudi Kenya akawa mtia makaa kwenye garimoshi. Baadaye Waingereza walimfahamu vizuri kwa jina lake la msituni, Jenerali China.

Hapo nimechepuka kidogo. Turudi kwenye mtihani.

Jeshi ni mahali pa ajabu kwa kuwa linalazimika kumpa kila mtu kazi, na halina muda wa kuuliza baba yake ni nani. Mashine za kompyuta zilipoanza kuingia kambini miaka ya 1950, hakukuwa na shahada ya fani hiyo wala mtu mwenye uzoefu wa kuajiri. Marekani ilipoanza kujenga mfumo wa kulinda anga ulioitwa SAGE, uandishi wa programu zake ulikabidhiwa kwa taasisi ya RAND, na kutoka humo ikazaliwa kampuni ya System Development Corporation huko Santa Monica. Iliajiri kwa vipimo vya akili, ikachukua walimu na hata wanamuziki, ikafundisha waandishi wa programu kwa maelfu. Wengi hawakukaa. Walichukuliwa na mabenki, viwanda na mashirika ya bima, na kwa muda mrefu ukiingia chumba cha kompyuta chochote Marekani ungeweza kumkuta mtu aliyejifunzia kazi kwenye mradi wa kijeshi.

Alan Kay aliingia kwa njia hiyo. Aliacha chuo, akafundisha gitaa Denver, na kwa kuwa alikuwa karibu kuandikishwa kwa lazima akaona ni heri ajitolee Jeshi la Anga. Akafanya mtihani wa uwezo wa programu, akafaulu. Katika kambi ya Randolph, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikutana na tatizo la kawaida la ofisi: kambi moja ilipeleka mafaili kwa kambi nyingine kwenye kanda za sumaku, na kila kambi iliyapanga kwa mtindo wake. Mtu fulani, ambaye Kay hakuwahi kulijua jina lake, alipata dawa. Kila kanda ilibeba data zake pamoja na maelekezo ya namna ya kuzisoma, na mwanzoni kabisa orodha ya kuonyesha kila elekezo liko wapi. Aliyepokea hakuhitaji kujua mpangilio wa ndani. Aliliita elekezo, elekezo likafanya kazi. Kay anasema hakuuona uzito wa jambo hilo wakati ule. Alisoma hisabati na biolojia ya molekuli Colorado, akaenda Utah kwa udaktari, na alipokuwa Xerox PARC miaka ya 1970 wazo lile la kanda likawa sehemu ya lugha ya Smalltalk. Leo karibu kila programu ya simu yako imejengwa kwa fikra ambayo askari mmoja asiye na jina aliitumia ili asisumbuliwe na mafaili.

Uingereza napo kuna kisa kinachonifurahisha zaidi, kwa sababu jeshi halikumfundisha mhusika kompyuta hata kidogo. Tony Hoare alisoma falsafa na lugha za kale Oxford, akamaliza mwaka 1956, akaenda kutumikia taifa kwa lazima katika Jeshi la Wanamaji. Wanamaji wakamfundisha Kirusi. Vita Baridi vilihitaji masikio. Kirusi hicho kilimwezesha kwenda Chuo Kikuu cha Moscow kama mwanafunzi wa kubadilishana, na huko akapendezwa na wazo la kuifanya mashine itafsiri lugha. Kamusi ilikuwa kwenye kanda ya sumaku, imepangwa kwa alfabeti. Ili isirudishwe nyuma na mbele kwa kila neno, ilibidi maneno ya sentensi yapangwe kwa alfabeti kwanza. Akiwaza namna ya kuyapanga haraka alibuni njia ambayo wanafunzi wa kompyuta wanaifahamu kwa jina la Quicksort: chagua neno moja, weka madogo yake upande huu na makubwa upande ule, kisha rudia hivyohivyo kila upande. Mwaka 1960 aliajiriwa na kampuni ya Elliott Brothers, London. Alipopewa kazi ya kuandika programu ya kupanga data kwa njia nyingine, alimwambia bosi kwamba anajua njia ya haraka zaidi. Bosi akaweka dau la peni sita za Kiingereza, na akalipa.

Sijasema kwamba jeshi halifundishi chochote. Grace Hopper angenikemea. Alikuwa mwalimu wa hisabati Vassar mwenye shahada ya udaktari kutoka Yale, na alipotaka kujiunga na akiba ya wanamaji mwaka 1943 alionekana ana umri mkubwa na uzito mdogo kuliko unaotakiwa. Akaomba apewe ruhusa maalumu, akapewa. Mwaka 1944 akapelekwa Harvard, kwenye maabara iliyoongozwa na Kamanda Howard Aiken kama meli: sare, saluti, zamu usiku na mchana, na katikati ya chumba mashine ya Mark I, urefu wa mita zaidi ya 15. Kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, Aiken alimwonyesha mashine, akampa tatizo la kukokotoa na siku ya kulimaliza, basi. Ndani ya nidhamu ile Hopper aliandika kitabu cha maelekezo ya mashine, kurasa zaidi ya 500.

Lakini angalia kilichotokea vita vilipokwisha. Aliomba abaki katika jeshi la kudumu, wakamkatalia kwa umri. Akabaki Harvard kwa mkataba hadi 1949, ndipo akaenda kampuni changa ya Eckert na Mauchly, Philadelphia. Huko uraiani, kwa watu waliokuwa wamenusurika kufilisika, ndiko alikotengeneza mwaka 1952 programu yake ya A-0, mojawapo ya programu za kwanza za kuunganisha vipande vilivyoandikwa tayari. Huko pia alishikilia kwamba karani wa biashara aandike maagizo kwa maneno ya kawaida badala ya alama, akaambiwa kompyuta haielewi maneno, akaendelea. Mwaka 1959 wazo hilo likawa mhimili wa lugha ya COBOL. Jeshi lilimpa mashine, na mashine wakati ule hazikuwepo kwingine. Ukaidi alikuwa nao kabla ya kuvaa sare, na uraiani ndiko ulikoruhusiwa kukua. Wanamaji walimstaafisha mwaka 1966, wakamwita tena 1967 kwa miezi sita ili awanyooshee COBOL yao iliyokuwa imetawanyika, na miezi sita hiyo ikaendelea hadi 1986, alipotoka akiwa admirali wa miaka 79. Kampuni ya Digital Equipment ikamwajiri.

Kama unataka mahali ambapo nidhamu ya kambini ilihamishwa uraiani bila kukatwa hata kipande, nenda Dallas. Ross Perot alihitimu chuo cha maofisa wa wanamaji Annapolis mwaka 1953, akatumikia hadi 1957, akawa muuzaji wa IBM, na tarehe 27 Juni 1962, siku aliyotimiza miaka 32, akaanzisha Electronic Data Systems kwa dola 1,000. Aliwapenda askari wa zamani na kuwaajiri kwa wingi. Mashati meupe, nywele fupi, ndevu marufuku. Wafanyakazi wake wawili walipofungwa Iran mwishoni mwa mwaka 1978, alimtafuta kanali mstaafu na kuunda kikosi cha kwenda kuwatoa, kikiwa na watu wa ofisini mwake. Kampuni hiyo iliuzwa kwa General Motors mwaka 1984 kwa dola bilioni 2.5. Kazi yake kubwa ilikuwa kushughulikia madai ya bima na hesabu za wengine, usiku kucha, bila kukosea. Ni kazi inayolipa na inayohitaji watu wa kutegemewa. Hata hivyo, sijui lugha wala wazo la kompyuta lililotoka kwa watu hao linaloweza kukaa meza moja na FORTRAN au Quicksort.

Askari wa leo anayetoka Fort Hood au San Diego hakutani na dunia ya Backus. Anakutana na foleni ndefu. Na kizuizi kinachomsumbua kuliko lugha ya programu ni cheo. Sajini wa miaka 32 aliyekuwa na roho za watu na vifaa vya mamilioni mikononi mwake anaingia kampuni kama mwanagenzi, chini ya msichana wa miaka 24 ambaye hajawahi kulala nje. Kila alichoandika kinasomwa na wenzake kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, na yeyote, hata aliyeajiriwa jana, anaweza kuandika pembeni: hapa umekosea, rudia. Jeshini kumkosoa mkubwa mbele za watu ni kosa. Hapa asiyekosoa ndiye asiyefanya kazi yake. Wapo wanaonyamaza wakisubiri kuelekezwa, na ukimya wao husomwa kama kutojua. Wapo wanaojibu kila maoni kama shambulio.

Hata hivyo jeshi la Marekani lenyewe lina desturi inayofanana na hiyo, na nashangaa kwa nini wakufunzi wa programu hawaitumii zaidi kama daraja. Tangu miaka ya 1970 vikosi vyake vimekuwa vikikaa chini baada ya zoezi na kuuliza: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini vilipishana, tufanye nini tena. Katika kikao hicho vyeo huwekwa kando, na kuruta anaweza kumwambia luteni kwamba ramani ilisomwa vibaya. Makampuni ya programu hufanya karibu jambo lilelile mfumo ukianguka saa tisa usiku. Askari aliyezoea vikao hivyo huwa mtulivu kuliko wote chumbani, na hapo, nakiri, mgeni rasmi ana haki ya tabasamu.

Kuna pia njia rahisi inayofanana na kuvuka. Askari mwenye kibali cha kushika siri za serikali ni bidhaa adimu kwa makampuni ya zabuni za ulinzi yaliyojaa kaskazini mwa Virginia, kwa kuwa kumpatia mtu mpya kibali hicho huchukua muda mrefu na gharama. Hulipwa vizuri. Huvaa suti. Lakini mteja ni yuleyule, mifumo ni ileile ya zamani, na akikaa miaka kumi huenda ujuzi wake usiuzike penginepo. Simlaumu anayeichagua mwenye watoto watatu.

Fedha nazo zimeleta walanguzi. GI Bill mpya iliyoanza kutumika Agosti 2009, kwa waliotumikia baada ya tarehe 10 Septemba 2001, inalipa hadi miezi 36 ya masomo pamoja na posho ya nyumba. Vyuo vya kibiashara viliona mwanya. Kanuni iliwataka wenye vyuo hivyo wapate angalau asilimia 10 ya mapato yao nje ya misaada ya elimu ya serikali kuu, ili kuthibitisha kwamba kuna mtu yuko tayari kulipa kwa fedha yake. Lakini fedha za maveterani zilihesabiwa ndani ya hiyo asilimia 10, kana kwamba hazikutoka serikalini. Kila askari mmoja aliyesajiliwa aliwafungulia njia ya kuchukua misaada ya wanafunzi tisa wengine, na mawakala wao wakawafuata askari hadi kambini. ITT Technical Institute, iliyofundisha maelfu ya maveterani mambo ya kompyuta, ilifunga milango ghafla Septemba 2016, ikawaacha na miezi iliyokwisha na cheti kisichotakiwa. Mwanya wenyewe ulizibwa kwa sheria ya mwaka 2021.

Bunge lilipojaribu tena, mwaka 2017, kwa sheria iliyopewa jina la Colmery yuleyule wa hoteli ya Mayflower, lilibuni mpango wa VET TEC kwa kozi fupi za programu na teknolojia. Namna ya kulipa ilibadilishwa. Shule ilipokea robo ya karo mwanafunzi anapoanza, robo anapomaliza, na nusu iliyobaki ilitolewa tu akipata kazi ya fani aliyosomea. Posho ya nyumba ilibaki. Mpango ulianza 2019, watu wakaugombania, ukafungwa 2024 muda wake ulipokwisha, na sheria iliyosainiwa Januari 2025 ikaurudisha. Kwa anayependelea kuonja kabla hajavua sare kuna SkillBridge, inayomruhusu askari kutumia hadi siku 180 za mwisho za utumishi wake kufanya kazi katika kampuni ya kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa mshahara.

Haya si mambo ya mbali kwa wasomaji wote wa Kiswahili. Mpango wa MAVNI, ulioanza mwishoni mwa utawala wa George W. Bush na kusitishwa 2016, uliwaruhusu wageni wasio na ukaazi wa kudumu kujiunga na jeshi la Marekani kwa sababu ya lugha wanazozijua, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wengine waliingia kwa njia ya kawaida wakiwa na kadi ya kijani. Kwa hiyo kuna watu wetu wenye miezi 36 mfukoni, na simu zinazolia kila siku kutoka shule zinazoahidi kazi ya programu ndani ya wiki kumi na mbili. Kama kuna anayesoma sura hii huku simu hiyo inaita, aiulize shule jambo ambalo VET TEC iliwalazimisha walimu kulijibu kwa mifuko yao: nisipopata kazi, ninyi mnapoteza kiasi gani?